Mwendo Ndio Hela? Majibu kwa Kijiwe cha Mkiwa

Kwa abiria wa basi la Mwanza, Mkiwa ni jina linalopita dirishani kabla hujamaliza kumenya yai. Kwa dereva ni jambo jingine. Hapo, ndani ya Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, njia kuu inayotoka Dodoma na Manyoni inatoa tawi la kwenda Itigi, Rungwa mpaka Makongolosi kule Chunya, kilomita 413. Semi zinazopeleka mizigo Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo zinapita hapo. Vijana wa bodaboda nao wanakatiza hapo hapo, nyuma wamefunga gunia la alizeti, tenga la kuku, au wamempakia mama mwenye mtoto mgongoni, wakiibuka kutoka njia za vumbi na kuingia kwenye lami bila hata kugeuza shingo.

Panapokutana njia hapakosi kijiwe, na penye kijiwe hapakosi hoja. Ukimwuliza kijana kwa nini anaendesha namna ile, hatakwambia kwamba hajali kufa. Atakupa sababu, na sababu hizo hizo utazisikia Mkiwa, utazisikia Mbagala, utazisikia Kisumu, utadhani wote walifundishwa na mwalimu mmoja. Nyingi zina chembe ya ukweli, na moja ina zaidi ya chembe. Naanza na hiyo, kwa sababu nyingine zote zinajificha nyuma yake.

"Mwendo ndio hela."

Pikipiki si yangu, anasema, ni ya bosi, na jioni bosi anataka hesabu yake. Au niko kwenye mkataba, na kila siku nisiyopeleka hela inasogeza mbele siku ya kukabidhiwa kadi. Nikienda mwendo wa bibi harusi, mwenzangu atarudi kijiweni kabla yangu na abiria atapanda kwake.

Anayewakemea bodaboda bila kuigusa hoja hii hajawahi kudaiwa hesabu. Mkataba wa pikipiki umetengenezwa hivi: mwenye chombo anapokea kiasi kile kile mvua inyeshe au jua liwake, na siku mbaya zote ni za kijana. Msimu wa alizeti na vitunguu ukipita, watu wa vijijini hawana nauli, lakini hesabu haishuki. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni kwamba mwendo unayaponya.

Tupige hesabu, maana kijiwe kinapenda hesabu. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa 80 kwa saa inachukua dakika saba na nusu. Kwa mwendo wa 50 inachukua dakika 12. Umeokoa dakika nne na nusu. Haya, umerudi kijiweni nazo, unazifanyia nini? Unakaa kwenye foleni. Mkiwa si Kariakoo. Abiria wa pale wanakuja kwa mafungu, basi linaposimama au siku ya mnada, na kati ya basi na basi vijana wanalala chali juu ya tangi la mafuta au wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Kinachokosekana kijiweni ni abiria. Dakika zipo tele. Dereva anakimbia ili awahi kusubiri.

Na kukimbia kwenyewe kunakula hela. Singida ni mkoa wa upepo, kila aliyepita pale anaujua, na upepo unaokukabili unaongezeka ukali kadiri unavyoongeza mafuta. Ukitoka 50 kwenda 80, nguvu ya upepo kifuani mwako inazidi mara mbili na nusu, na injini inalipia hiyo kwa petroli. Mnyororo, tairi na breki navyo vinaisha mapema. Hakuna abiria anayekuongezea nauli kwa sababu hiyo. Nauli ya kwenda kijiji fulani inajulikana, uende kama mshale au kama kobe.

Halafu kuna siku ambayo chombo kinalala chini. Pikipiki ikilala, mguu wa upande ule ndio unaobaki kati ya chuma na barabara, na mfupa unaovunjika mara nyingi ni ule wa ugoko. Pitisha kidole mbele ya ugoko wako uone: hakuna nyama hapo, ni ngozi juu ya mfupa. Ndiyo maana ukivunjika hutoka nje kirahisi, na ukitoka nje unakutana na mchanga, mafuta ya injini na kinyesi cha ng'ombe waliopita asubuhi. Jeraha la namna hiyo halifungwi plasta ukarudi nyumbani. Linasafishwa, linasafishwa tena, mfupa unashikiliwa kwa vyuma vinavyochomoza nje ya mguu, na ndugu mmoja anahamia hospitali kupika uji na kuosha shuka. Ugoko uliovunjika vizuri, kama kuna kuvunjika vizuri, unataka miezi mitatu mpaka sita. Ukiingiwa na wadudu, hesabu mwaka.

Hesabu ya bosi haisubiri mwaka. Wiki ya pili pikipiki inatengenezwa, anapewa kijana mwingine, na zile hela zote zilizokwisha kulipwa kwenye mkataba zinageuka kuwa maneno. Ipo mikataba inayompa dereva siku moja ya wiki iwe yake, mara nyingi Jumapili, na ipo inayosema wazi nini kitatokea akiugua. Kijana anayetaka kupigania kipato chake aanze kupigana hapo, kwenye karatasi, kabla hajasaini. Pale kuna hela nyingi kuliko kwenye kilomita 30 za ziada kwa saa.

"Mimi mzoefu. Nimeanza kuendesha niko darasa la saba."

Ni kweli, na hilo ndilo tatizo. Aliyeanza darasa la saba alifundishwa na kaka yake, na kaka alifundishwa na jirani. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa ripoti ya mamia ya ajali za pikipiki walizozichunguza papo hapo barabarani mjini Los Angeles. Wakakuta asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Walijua kwenda. Kusimama na kukwepa hakuna aliyewafundisha.

Nenda kwenye pikipiki zilizopangwa kijiweni uziangalie kwa karibu. Shika mkono wa breki ya mbele, ule wa kulia. Kwenye nyingi utakuta unabonyea mpaka kwenye mpini bila kushika kitu, waya umelegea, na kwenye chache waya wenyewe umeshatolewa. Kijana atakwambia kwa uhakika kabisa: breki ya mbele inapindua. Amelikuta neno hilo kwa kaka, naye kwa jirani. Lakini chombo kinapopunguza mwendo uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, na ukilikanyagia breki peke yake linajifunga na kuteleza. Kwenye lami kavu sehemu kubwa ya nguvu ya kukusimamisha iko mbele. Inakupindua ukiikaba ghafla katikati ya kona au kwenye mchanga. Ukiibana kwa kuiongeza taratibu, chombo kikiwa kimenyooka, hiyo ndiyo inayokurudisha nyumbani. Mzoefu wa miaka kumi aliyetoa waya wa breki ya mbele ana miaka kumi ya kuendesha nusu ya pikipiki.

Sasa weka mwendo juu ya breki hiyo. Kwa 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Mbuzi akijitokeza, sekunde moja inakwisha macho yakimwambia mkono, na baada ya hapo, hata breki zote mbili zikiwa nzima, unahitaji mita 40 nyingine. Jumla zaidi ya 60. Kwa mwendo wa 40, yote hayo yanakwisha ndani ya mita 21 hivi. Umeongeza mwendo mara mbili, umbali umeongezeka mara tatu. Uzoefu haubadilishi hesabu hiyo, na mbuzi wa Ikungi hajui kwamba wewe ni mzoefu.

Ukitaka mzoefu wa kweli, yupo mmoja anayejulikana dunia nzima: T.E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Huyu alipenda pikipiki kupita kiasi, aliwahi kumiliki kadhaa aina ya Brough Superior, chombo cha bei kali cha wakati ule, na alizifanyia safari ndefu mwaka baada ya mwaka. Tarehe 13 Mei 1935 alikuwa akirudi nyumbani kwake Dorset kutoka posta kutuma telegramu, njia fupi aliyoizoea kabisa. Akakuta watoto wawili wa baiskeli mbele yake, akawakwepa, akarushwa. Hakuwa na kofia. Akafa siku sita baadaye.

Kisa chake kinajibu pia ile kauli fupi, "ni hapo tu," anayoisema kijana anapoacha kofia nyumbani kwa sababu anakwenda kitongoji cha pili. Ripoti ya Hurt ilikuta kwamba ajali nyingi zilitokea kwenye safari fupi za shughuli ndogo ndogo, karibu na pale mtu alipotokea. Mwendo wa kati wa waendeshaji kabla ya ajali ulikuwa kama kilomita 48 kwa saa. Hapo ni dukani na kurudi.

"Elementi inaziba masikio."

Ndivyo kijiwe kinavyoiita kofia ngumu. Na inaongeza joto, wanasema, na ikigonga inavunja shingo, na abiria hawaitaki kwa sababu ya chawa na misuko. Haya tuyamalize. Hurt aliangalia masikio na shingo, akakuta kofia haikuwazuia watu kusikia wala kuona hatari, na haikuongeza majeraha ya shingo. Mwaka 2008 watafiti walipokusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzipima pamoja, walikuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Miongoni mwa waliomhudumia Lawrence alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Kifo kile kilimkaa moyoni, akaanza kuchunguza askari wa Uingereza waliokuwa wakipeleka barua za jeshi kwa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyolifanya jeshi liwavishe kofia. Ni jambo la zaidi ya miaka 80. Kijiwe bado kinalijadili kama habari ya jana.

Kuhusu joto, sawa, ni joto. Kuhusu chawa, kitambaa chepesi ndani ya kofia kinamaliza kesi, na mwenye mtandio tayari anacho. Mimi hoja inayonisumbua ni nyingine, na haitajwi kijiweni: kofia zenyewe. Nyingi zimening'inizwa kwenye saiti mira, kifungo cha kidevuni kimekatika, mahali pake pamefungwa utepe wa tyubu ya baiskeli, na sponji ya ndani imeng'oka. Inavaliwa trafiki akionekana kwa mbali na kuvuliwa akipitwa. Kofia isiyofungwa kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini. Na kugonga kitu kisichosogea kwa mwendo wa 50 ni sawa na kuanguka kutoka juu mita 10, kwa hiyo kitu kinachofika kwanza kina maana.

"Wenye semi ndio wanaotuua."

Hapa kijiwe kina haki, na sitaki kuionea. Dereva wa semi aliyetoka Dar es Salaam anafika Mkiwa akiwa amechoka. Wapo wanaoovateki wakiiona pikipiki inakuja, wakijua kijana atakimbilia pembeni. Lipo lori linaloharibika usiku likaachwa nusu ndani ya barabara, kwa alama ya matawi ya mti tu. Mwenye chombo kikubwa ana wajibu mkubwa, na sheria inapaswa kumbana zaidi.

Lakini fikiria dereva huyo anaona nini. Pikipiki ni nyembamba, na jicho la binadamu hupima ukaribu wa kitu kwa ukubwa wake. Kitu chembamba huonekana kiko mbali na kinakuja taratibu. Kwa hiyo anayekuja kwa 90 jioni, jua likiwa nyuma yake, taa imezimwa "ili betri isiishe", ni karibu haonekani. Malaysia walianza kampeni ya kuwasha taa za pikipiki mchana mwaka 1992, na ajali zile za kutoonekana zikapungua kwa takribani asilimia 29. Swichi iko chini ya kidole gumba. Ongeza na lile la kupita kushoto kwa semi linalokata kona kuingia njia ya Itigi. Pale kushoto, chini ya mlango, dereva haoni kitu, na tela likikata kona hukaba ndani zaidi ya kichwa chake. Hata dereva malaika hawezi kukuona hapo.

Likitokea la kutokea, kuna kauli nyingine: akiguswa mmoja, tumeguswa wote. Pikipiki zinajaa, mawe yanatoka, gari linazingirwa. Machi 2022 huko Nairobi kundi la waendesha bodaboda lilimvamia mwanadiplomasia mwanamke ndani ya gari lake kwenye Barabara ya Wangari Maathai, picha zikasambaa, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza msako uliowakumba hata wasiohusika. Kijiwe kinaona huo ni mshikamano. Matokeo yake ya kila siku ni kwamba dereva anayeogopa kuchomewa gari hasimami. Anayebaki barabarani akivuja damu ni mwenzenu, na gari ambalo lingemwahisha hospitali limeshapita.

Basi anabebwa kwa pikipiki. Wanampakia katikati, mmoja mbele akiendesha, mmoja nyuma akimkumbatia, kichwa kinaning'inia, mguu uliovunjika unaburuzika. Mshikaki wa majeruhi. Nia ni njema na pengine hakuna chombo kingine, lakini kama uti wa mgongo au shingo vimeumia, safari ile ndiyo inayomalizia kazi. Kijiwe kinachojua mshikamano kingekuwa na namba ya mwenye Noah au pikapu mmoja, na ubao wa kumlaza mtu. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar iko Itigi, Makiungu iko huko huko Ikungi, na ya rufaa iko Singida mjini. Zote zinafikika, kwa gari.

"Barabara mbovu. Ikija lami ajali zitaisha."

Sehemu ya Noranga, Itigi mpaka Mkiwa, kilomita 56.9, ni moja ya vipande vilivyopangiwa lami katika ile njia ya Makongolosi, na watu wa huko wameisubiri kwa haki. Vumbi linaficha mashimo, makorongo yanakata njia wakati wa masika, mgonjwa anachelewa. Lakini atakayekuambia lami inaleta usalama wa pikipiki muulize: ni wapi watu wanapokufa sasa hivi, kwenye njia ya vumbi au kwenye lami ya Manyoni na Singida? Kwenye vumbi kijana anaanguka mara nyingi, anafuta magoti, anacheka. Mwendo wenyewe haumruhusu afe. Lami inamwondolea kizuizi hicho siku moja, na siku hiyo hakuna aliyemfundisha breki, hakuna tuta mbele ya shule, na ng'ombe bado wanavuka pale pale walipokuwa wakivuka tangu zamani. Sheria inataka mwendo usiozidi 50 kwa saa katikati ya makazi. Mkiwa yote iliyo kando ya barabara ni makazi, hata kama nyumba hazijabanana kama za mjini.

Kuhusu trafiki, hoja inasema wanatafuta hela tu. Wapo wanaotafuta hela, nani asiyejua. Lakini Juni 2021, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi hapo hapo Singida, alipendekeza faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji ishuke kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, kwa kuwa ya zamani ilikuwa inamaliza kipato cha kijana. Ilikuwa huruma, na nadhani ilikuwa sahihi. Sijasikia kijiwe kikisema sasa wameacha kutafuta hela. Trafiki anayekula rushwa anakudhulumu kwa sababu umempa kosa mkononi: abiria wawili nyuma, kofia mkononi, leseni ya shemeji. Mwenye leseni yake, kofia yake na abiria mmoja anamfanya trafiki yule akose la kuzungumza. Kanuni za mwaka 2010 zilizowaruhusu bodaboda kufanya biashara ya abiria hazikuomba makuu zaidi ya hayo.

"Bima ipo, na ndugu watachanga."

Bima iliyobandikwa kwenye tangi karibu kila mara ni ile ya mtu wa tatu. Inamlipa uliyemwumiza wewe, baada ya fomu za polisi, ripoti ya daktari na nenda rudi isiyoisha. Mguu wako wewe haimo. Vijana wengi hawajui hilo mpaka siku wanapolala wodini, na nashangaa wauzaji wa bima hawaoni haja ya kuwaeleza. Kama ulikuwa huna leseni, kampuni ina pa kuanzia kukataa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kijana wa bodaboda anapaswa kuwa wa kwanza kuuliza anajiungaje, kwa sababu yeye anaihitaji kuliko karani.

Ndugu watachanga, ndiyo. Mchango wa mwanzo huja haraka, daftari linajaa, hata kijiwe kinapitisha kofia, safari hii imepata kazi. Kisha wiki zinapita. Anayeuza mbuzi ni mama. Anayeacha kulima ili akae hospitalini ni mke au dada. Mtoto aliyekuwa aende sekondari ya mbali anaambiwa angoje. Kijana aliposema maisha ni yangu alikuwa anasaini kwa niaba ya watu ambao hawakuwepo kijiweni.

Kuna wanaofunga mjadala kwa kusema siku ikifika imefika. Sina ugomvi na imani hiyo. Naona tu kwamba anayeisema hufunga pikipiki yake kwa mnyororo na kufuli kila usiku. Kwa wezi, tunachukua tahadhari kwanza. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya barabarani milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa watu wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Siku imekuwa ikiwafikia vijana kuliko wazee kwa namna ya ajabu sana, kama ni siku tu.

Abiria nao wasijifanye hawamo. "Kijana wangu, kimbiza kidogo, basi linaniacha," anasema mzee mwenye heshima zake. "Tubebe wote wawili, tutakuongeza mia tano," wanasema dada waliotoka mnadani. Kijana anayekataa anaonekana mjeuri, na anayekubali anaitwa mtu wa watu. Abiria ndiye mwenye nauli, na mwenye nauli akisema nishushe, pikipiki husimama. Hoja ya abiria kwamba dereva ndiye anayejua inakufa pale pale anapomwelekeza njia ya mkato.

Ya mwisho ni ile inayosemwa kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa ubishi: kwa Waafrika haiwezekani, bodaboda hawafunzwi. Kigali kuna maelfu ya pikipiki za abiria. Dereva amevaa kofia na kizibao chenye namba, kofia ya pili iko tayari kwa abiria, na abiria ni mmoja. Ukijaribu kupanda wawili utaachwa barabarani. Nao ni vijana wa aina ile ile, wenye madeni yale yale. Lililofanyika huko ni kwamba kanuni ilisimamiwa kila siku, kwa kila mtu, mpaka kuivunja kukawa kunakosesha hela kuliko kuifuata. Madereva wa semi wanaosimama Mkiwa kunywa chai wengine wanakwenda huko huko, kupitia Rusumo, na wameyaona. Anayebisha avuke barabara akawaulize, ila aangalie kulia kwanza.